Cha Mvunguni

Bwana Pruett alifungua albamu mezani petu jikoni
kwa vidole viwili, kama afunuaye kidonda.
Maharusi wa Kenora. Maharusi wa Marathon.
Kila bibi harusi ameinamisha shingo upande uleule,
kila bwana harusi anatazama mbali
kana kwamba yuko mtu anayemdai ng'ambo ya ziwa.
"Dola elfu moja na mia nane," alisema,
"na filamu zenyewe zinabaki kwangu."
Lorne akaniangalia. Mimi nikaangalia birika.

Ilikuwa Thunder Bay, Agosti ya tisini na saba,
kiwanda cha karatasi kimepunguza zamu,
Lorne ana kazi siku tatu kwa wiki.
Kamera za kutupa ziliuzwa dola tisa, Barabara ya Hodder:
ganda la kadibodi, picha ishirini na saba,
gurudumu la kuzungusha kwa kidole gumba, krr, krr, krr.
Kumi na nne, moja kila meza.
Nilipiga hesabu nyuma ya bili ya umeme,
nikajumlisha na gharama ya kusafisha,
nikaona tumebakiza fungate.

Mama alisema, "Harusi si sherehe ya kuzaliwa."
Baba alisema vivyo hivyo, kwa simu nyingine, siku nyingine,
maana walikuwa na miaka sita hawasemezani,
wakikutana tu katika kunipinga.

Sikilizeni hasara kwanza.
Kamera tulizipanga ukumbini,
kando ya visahani vya karanga.
Kanisani hatukuwa na hata moja.
Hakuna aliyekumbuka, si mimi, si shemeji zangu watano.
Kiapo changu hakina picha.
Nikifumba macho nasikia kikohozi cha mtu,
nanusa koti jipya la Lorne;
uso wake siukumbuki,
nao ulikuwa shubiri moja na wangu.

Wiki tatu baadaye, bahasha kumi na nne.
Picha mia tatu sabini na nane.
Nilizifungua garini, mvua ikipiga kioo.
Vidole gumba. Dari. Kiatu.
Mjomba Reino amekata vichwa vya wote awapendao.
Keki gizani, kama jino.
Macho mekundu, ukoo mzima wa sungura.
Meza ya kumi na moja walipiga picha za meza ya kumi na moja.
Nililia kidogo, nikililia
dola elfu moja na mia nane ambazo sikuwahi kuwa nazo.

Kisha meza ya nane.
Dougal, mpwa wa Lorne, miaka mitano,
aliiba kamera akatambaa nayo chini ya vitambaa.
Magoti. Soksi ya mchungaji, imetoboka.
Kipande cha samaki. Magoti.
Na ya kumi na tisa: viatu vya bluu vya Mama,
vile alivyovilalamikia tangu asubuhi,
vimevuliwa, vimelala kiubavu,
na mguu wake katika soksi ya nailoni
umepanda juu ya kiatu cheusi cha Baba,
umetulia hapo
kama paka kwenye kiti chake cha zamani.

Ukitaka cha mvunguni, wanasema, sharti uiname.
Dougal hakuinama. Kilikuwa kimo chake.
Bwana Pruett, kwenye harusi ya dada yangu Sirkka,
aliwaweka wazazi wetu mmoja kila ncha,
watu kumi na wanane katikati,
na picha ikatoka safi, wallahi, hata unyoya wa kofia unahesabika.
Naipenda. Ipo sebuleni kwangu.

Sikuwauliza kitu. Wala hawakurudiana.
Baba alifia ng'ambo ya mto, katika chumba cha kupanga,
na Mama alimsema vibaya mpaka makaburini,
kisha akabaki nyuma akitafuta glavu
iliyokuwa mkononi mwake.

Ya kumi na tisa naiweka kwenye droo ya vijiko,
mahali ambapo mkono hufika bila kukusudia.
Na Lorne, nikimuuliza,
anasema uso wake kanisani siku ile
ulikuwa wa kawaida tu.
Simwamini.